Mti Wenye Kitu cha Kuliwa

*Maandiko ya kusoma: Yeremia 10:1-9, Hosea 14:8, Marko 11:12-14, Wagalatia 5:22-23*

 

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya pili, vijana walinijia na ombi. Kabla hawajamaliza kuongea, wazee wawili wakaja na pingamizi. Vijana wanataka mti wa Krismasi uwekwe hapa mbele, kando ya madhabahu, uwe na taa na mapambo. Wazee wanasema mti ukiingia, wao watatoka. Nikawaambia wote, "Nipeni wiki moja. Jumapili nitajibu kutoka kwa Neno."

Basi leo ndiyo siku ya kujibu. Na nitaanza na toba yangu mwenyewe, kwa maana jambo hili si geni kwangu. Nilishalihubiri hapa hapa, miaka 11 iliyopita, na nililihubiri vibaya.

Mahubiri niliyokosea

Wale wa zamani mnakumbuka. Ilikuwa Jumapili ya mwisho kabla ya Krismasi. Nilifungua Yeremia 10, nikasoma habari za mti unaokatwa msituni na kurembwa kwa fedha na dhahabu. Nikafunga Biblia, nikapaza sauti: huo ndio mti wa Krismasi! Ni sanamu! Aliye na mti nyumbani ameingiza Babeli sebuleni kwake! Nilihubiri saa nzima na dakika 20. Watu walisimama, wakapiga makofi, wengine wakanena kwa lugha. Nilienda nyumbani nikijiambia kwamba leo nimehubiri.

Kati ya waliosikiza alikuwepo mama mmoja mjane. Amenipa ruhusa nisimulie haya, ila nisimtaje jina. Nyumbani kwake kulikuwa na mti. Si mti wa dukani. Kijana wake, wakati huo akiwa darasa la tatu, alikuwa ameomba tawi la saiprasi kwenye ua wa jirani, akalisimika ndani ya mkebe wa Kimbo uliojaa mchanga. Muhula mzima alikuwa akiokota karatasi za peremende ambazo wenzake wanatupa. Alizikunja moja moja, akatia kijiwe ndani ili zionekane ni peremende kweli, akazifunga kwa uzi kwenye matawi.

Mama akafika nyumbani kutoka kanisani, akautoa mti ule nje, akauchoma. Mtoto akamwuliza, "Mama, mti umekosa nini?" Mama akamjibu, "Pasta amesema ni sanamu."

Mimi haya nilikuja kuyajua Januari, mama alipokuja ofisini kuombewa. Na hakuja kwa sababu ya mti. Alikuja kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amempigia kufuli kwa kukosa kodi. Katika kuongea ndipo nikajua kwamba siku ile ya Krismasi yeye na mtoto walikunywa uji wa chumvi. Asubuhi uji, jioni uji, na harufu ya chapati za majirani inaingia dirishani.

Wapendwa, mama huyu alikuwa amekaa safu ya tatu kutoka mbele. Nilimhubiria saa nzima na dakika 20 juu ya mti, na hakuna mtu, kuanzia mimi mchungaji wake, aliyemwuliza kama nyumbani kuna unga. Nilikagua mti wake. Sikukagua sufuria yake.

Kijana yule leo ana miaka 20. Haji kanisani. Sitasema ni mti peke yake, maisha yana mambo mengi, lakini najua mkono wangu umo. Mwezi uliopita nilimtafuta pale steji anapofanya kazi ya boda boda, nikamwomba msamaha. Alinisikiza mpaka mwisho, akasema, "Ni sawa, Pasta," kisha akavaa helmeti akaondoka na abiria. Hajarudi bado. Naendelea kumwombea, nanyi mwombeeni.

Sasa mnaelewa kwa nini safari hii sikutaka kujibu haraka.

Yeremia alikuwa anasema nini?

Tuanze na andiko lenyewe. Yeremia alisema na watu wa Yuda siku Babeli inainuka, karibu miaka 600 kabla ya Kristo. Soma polepole kuanzia mstari wa tatu. Kuna mti unaokatwa, ndiyo. Lakini unakatwa ufanywe nini? Fundi anauchonga kwa chombo chake. Anaufunika fedha na dhahabu. Anaupigilia misumari usije ukaanguka. Halafu nabii anaucheka: hausemi, hautembei, lazima ubebwe. Anawaambia watu wasiuogope, kwa kuwa hauwezi kuwadhuru wala kuwasaidia. Ukifika mstari wa tisa, unakuta umevalishwa hata nguo.

Mpendwa, hicho ni kinyago cha kuchongwa, mungu wa kutengenezwa ambaye watu walimwinamia na kumwogopa. Sijaona mtu hapa anayeupigia mti wa Krismasi magoti akiomba ajaliwe mtoto. Na siku za Yeremia mti wa Krismasi wenye mapambo haukuwepo popote duniani. Ulikuja zaidi ya miaka 2,000 baadaye. Mimi nilichukua andiko la vinyago nikampiga nalo mtoto wa darasa la tatu. Huo ndio ukweli.

Lakini vijana, msishangilie bado. Andiko hilo bado lina kazi na sisi. Nitalirudia.

Mapambo yalianzia wapi?

Wako wanaosema mti huu ulitoka moja kwa moja kwa miungu ya kale. Tusifiche lililo kweli. Watu wa Ulaya ya kale walipenda matawi mabichi wakati wa baridi, na Warumi walipamba nyumba zao kwa majani katika sikukuu yao ya Desemba iliyoitwa Saturnalia. Karibu mwaka 200, Tertuliano, mwalimu wa kanisa kule Karthago, kaskazini mwa Afrika yetu hii, aliwakemea Wakristo waliotundika taa na matawi milangoni katika sikukuu za kipagani. Lakini sikizeni sababu aliyowapa. Maana ya maneno yake ni kwamba Mkristo mwenyewe ndiye taa ya ulimwengu, na Mkristo mwenyewe ndiye mti ulio mbichi siku zote. Shika hilo, tutalihitaji.

Mti wa Krismasi kama tunavyoujua una njia yake, na njia hiyo inaonekana katika maandishi ya nchi za Wajerumani. Katika kalenda ya kanisa la zamani kule Ulaya, tarehe 24 Desemba ilikuwa siku ya kuwakumbuka Adamu na Hawa. Watu wengi hawakujua kusoma, kwa hivyo Biblia iliigizwa, kama vile watoto wetu wa Shule ya Jumapili wanavyoigiza wachungaji na Mamajusi. Sasa ukiigiza Mwanzo sura ya tatu, unahitaji mti wenye tunda. Na Desemba kule ni baridi kali. Miti mingi imepukutisha majani, imesimama kama fimbo. Inayobaki na rangi ya kijani ni jamii ya mberoshi na msonobari. Basi wakachukua mti wa namna hiyo, wakaufunga matofaa mekundu, wakauita mti wa Paradiso. Biblia haisemi kwamba tunda la Edeni lilikuwa tofaa. Hiyo ni desturi yao tu.

Polepole mti ukatoka kwenye maigizo ukaingia majumbani. Kumbukumbu za chama cha mafundi wa mji wa Bremen, za mwaka 1570, zinataja mti mdogo uliosimamishwa katika jumba lao, umefungwa matofaa, njugu, tende, mikate ya kusokotwa na maua ya karatasi. Uliwekwa kwa ajili ya watoto wa wale mafundi, na siku ya Krismasi watoto walikuja wakachuma vile vitu vitamu. Mwaka 1605, mtu mmoja aliyefika Strasbourg, mji ambao leo uko Ufaransa, aliandika kwamba watu huweka miberoshi ndani ya nyumba na kutundika maua ya waridi ya karatasi za rangi nyingi, matofaa, vipande vyembamba vya mkate mkavu na vitu vya sukari. Wengi wameona katika vile vipande vya mkate ishara ya Meza ya Bwana. Tofaa la Adamu aliyeanguka, na mkate wa Kristo anayeinua, vyote juu ya mti mmoja.

Sasa nataka uone kitu ambacho mimi sikukiona miaka 11 iliyopita. Mapambo ya kwanza ya mti wa Krismasi yalikuwa chakula. Mwambie jirani yako: yalikuwa chakula! Mtoto alinyoosha mkono, akachuma, akala.

Tunda likageuka kioo

Ikafika miaka ya 1800. Kuna kijiji kiitwacho Lauscha, milimani huko Thuringia, Ujerumani, ambako watu walikuwa wakitengeneza kioo tangu 1597. Husimuliwa huko kwamba fundi mmoja maskini alikosa pesa za kununua matofaa na njugu za mti wa watoto wake, akapuliza kioo akatengeneza mfano wake. Hiyo ni simulizi ya kijiji. Lakini inajulikana wazi kwamba kutoka Lauscha ile mipira ya kioo inayometameta ilienea duniani. Familia zilifanya kazi hiyo nyumbani kwao, wazazi na watoto pamoja. Katika miaka ya 1880 mfanyabiashara wa Marekani, F. W. Woolworth, alianza kuiuza katika maduka yake, ikamletea faida kubwa.

Mishumaa nayo iliwekwa kwenye matawi. Mmesikia ikisemwa kwamba Martin Luther ndiye aliyeanza, baada ya kuona nyota usiku katikati ya miti. Ni hadithi nzuri, lakini haimo katika maandishi ya wakati wake. Mishumaa ilileta hatari ya moto, ndiyo maana watu waliojali waliweka ndoo ya maji kando. Mwaka 1882, kule New York, Edward Johnson, aliyefanya kazi na Edison, aliwasha mti kwa balbu 80 za stima. Kabla ya hapo, mwaka 1848, gazeti moja la London lilikuwa limechapisha picha ya Malkia Victoria, mumewe Albert aliyekuwa Mjerumani, na watoto wao wakiwa wameuzunguka mti. Waingereza wengi wakaiga. Na mnajua Mwingereza alikuwa akisafiri na mizigo yake yote. Ndiyo maana mpaka leo mtu wa hapa kwetu, jua la Desemba linamchoma kisogo, anabandika pamba kwenye saiprasi ati ni theluji!

Siwacheki watu wa Lauscha. Kazi yao ilikuwa halali, na iliwalisha watoto wao. Lakini tazama safari ya lile tunda. Kwanza lilikuwa tofaa, mtoto akalichuma akala. Halafu likawa kioo chenye sura ya tofaa. Linang'aa kuliko tofaa, lakini ndani ni hewa tupu. Leo ni plastiki. Tunda limezidi kuwa zuri, na haliliki.

Hapo ndipo Yeremia anarudi, na safari hii hampigi mtoto, anatupiga sisi. Kosa la kile kinyago halikuwa kwamba kilitoka kwenye mti. Kosa lake ni kwamba nje kimepambwa na ndani hakuna uhai. Hakisemi neno kwa aliyelia. Hakitembei kwenda kwa mgonjwa. Hebu nikuulize kwa upole: kanisa haliwezi kuwa hivyo? Mchungaji hawezi kuwa hivyo?

Yesu alikuja na njaa

Fungua Marko 11, mstari wa 12. Yesu anatoka Bethania asubuhi, naye ana njaa. Anauona mtini kwa mbali, una majani. Anausogelea akitarajia kupata kitu. Anafika, anakuta majani matupu.

Angalia vizuri. Kwa mbali mti ule haukuwa na shida. Ungepiga picha ungependeza. Shida ilionekana mwenye njaa alipofika karibu. Majani si dhambi, kila mti unayahitaji. Lakini mwenye njaa hawezi kula majani.

Na Bwana mwenyewe alisema, katika Mathayo 25, kwamba tunachomtendea mdogo aliye na njaa tumemtendea yeye. Basi unganisha maandiko hayo mawili. Krismasi ile, Yesu alikuja kanisani kwetu akiwa na njaa. Alikaa safu ya tatu kutoka mbele, amefunga leso kichwani. Akakuta majani. Akakuta spika mpya, kinanda, kwaya ya sare, na mahubiri marefu. Matawi yote yalikuwa yamejaa. Lakini hakupata kitu cha kutia mdomoni.

Kuna mtu ananisikiza hapa?

Paulo anapoandika Wagalatia 5:22 anataja tunda la Roho: upendo, furaha, amani, uvumilivu na mengine. Mara nyingi tunalisoma kama mapambo yetu, kana kwamba Mungu anatuvisha ili tupendeze. Lakini umewahi kuuona mwembe ukila embe lake? Tunda haliko kwa ajili ya mti. Liko kwa ajili ya mwenye njaa anayepita. Uvumilivu wako si wako, ni wa mume wako kula. Upole wako ni wa yule msichana anayekusaidia kazi za nyumbani. Uaminifu wako ni wa mteja wako pale sokoni. Ukitaka kujua kama una tunda, usijiangalie kwenye kioo. Waulize wanaoishi nawe kama wanashiba.

Sisi Wapentekoste tunapenda karama, na tusiziache, ni za Mungu. Lakini karama unaweza kuipokea kwa dakika moja, umewekewa mikono. Tunda lina msimu wake, halikimbizwi. Kinachofanyika haraka ni kufunga tofaa kwenye mberoshi. Uzi tu, na fundo moja. Na wengi wetu Jumapili tunakuja na nyuzi zetu: suti, tabasamu, "Bwana asifiwe" ya sauti kubwa. Jumatatu makanga akikawia na chenji yako ya shilingi 20, uzi unakatika na kila kitu kinaanguka chini!

Mwaka ule mimi nilifunga mahubiri kwa uzi. Yalimetameta. Hayakuwa yametoka kwenye mzizi wa upendo.

Mti mwingine

Sasa utauliza, Pasta, hilo tunda la kweli nitalitoa wapi? Kwa sababu mti wa Krismasi umeshakatwa. Upambe utakavyo, Januari unapukutika uko jalalani. Mti uliokatwa hauzai, hata ukiusifu.

Mwanzo 3 inasema Adamu na Hawa walikula tunda walilokatazwa, na mara wakaona uchi wao. Wakafanya nini? Wakashona majani. Tangu siku ile mwanadamu akikosa tunda hutafuta majani ya kujifunika. Dini ni majani. Cheo ni majani. Hata huduma inaweza kuwa majani.

Lakini soma Hosea 14:8. Mimi mstari huu ulinivunja moyo kisha ukauponya. Mungu anamwambia Efraimu aachane na sanamu, halafu katika mstari huo huo anajifananisha yeye mwenyewe na mberoshi mbichi, na anasema tunda la Efraimu linatoka kwake. Sasa wewe unajua, na mkulima yeyote wa hapa anajua, mberoshi hauzai tunda la kuliwa. Uende msituni mwaka mzima, hutachuma kitu. Lakini Mungu anasema yeye ni mberoshi wenye tunda! Pale ambapo kwa asili hakuna kitu cha kula, yeye anakitoa.

Na alikitoa namna gani? Paulo katika Wagalatia 3:13, akikumbuka torati, anasema Kristo alifanyika laana kwa ajili yetu, kwa kuwa aliangikwa mtini. Petro naye, katika waraka wake wa kwanza, 2:24, anasema alizichukua dhambi zetu katika mwili wake juu ya mti. Adamu alinyoosha mkono akachuma kwenye mti, tukafa. Kule Golgotha Baba alitundika juu ya mti Tunda lake mwenyewe, tukaishi. Na hilo halikuwa la kioo. Lilipochomwa mkuki lilitoa damu na maji. Na yeye ametuita tumle, Yohana 6, ili tuwe na uzima.

Ndiyo maana Krismasi haiishii horini. Mtoto yule alilazwa pale walipolia ng'ombe, katika mji ambao jina lake, Bethlehemu, maana yake ni nyumba ya mkate. Alikuja kuliwa na wenye njaa. Haleluya! Na Biblia inafungwa na mti, Ufunuo 22:2, mti wa uzima unaozaa kila mwezi, na hata majani yake yana kazi, ni ya kuponya mataifa.

Mpendwa ambaye hujaokoka, usiende nyumbani leo ukatafute uzi mwingine. Huhitaji kupambwa. Unahitaji kupandikizwa ndani ya Kristo. Yohana 15: tawi likikaa ndani ya mzabibu linazaa, likitengwa halizai. Ni hivyo tu.

Basi tutafanya nini?

Nilisema nitajibu, nami najibu.

Wakristo hawajaanza leo kugombana juu ya Krismasi. Mwaka 1659, wacha Mungu wa Massachusetts kule Marekani walitunga sheria ya kumtoza faini ya shilingi tano yeyote atakayeonekana akisherehekea Krismasi. Sheria ikadumu mpaka 1681, kisha ikafutwa. Faini haijawahi kumzalisha mtu tunda. Paulo katika Warumi 14 anatufundisha njia bora: anayeiadhimisha siku aiadhimishe kwa Bwana, na asiyeiadhimisha asihukumiwe na ndugu yake.

Wazee wangu, nawaheshimu. Hofu yenu kwamba mapambo yatachukua nafasi ya Bwana ni hofu ya haki, kwa hivyo mti hautakaa kando ya madhabahu. Vijana wangu, nimewasikia pia. Mti utakuwepo, hapo mlangoni. Lakini hautakuwa wa kukatwa. Tutaleta mche wa saiprasi wenye mizizi, ndani ya ndoo, na Januari tutaupanda nyuma ya kanisa. Na hatutatundika kioo wala plastiki. Tutatundika kadi za karatasi, na kila kadi itaandikwa kitu kimoja: unga kilo mbili, mafuta ya kupikia, sukari, sare ya shule, madaftari, kodi ya nyumba. Jina la mtu halitaandikwa, mashemasi peke yao watajua. Ukiingia, chuma kadi moja, na ulete kilichoandikwa kabla ya tarehe 23. Mnajua Januari inakuja, ile mnayoiita Njaanuari, na karo haitangoja.

Na wewe ambaye hitaji liko kwako, usikae safu ya tatu ukinyamaza. Mwambie kiongozi wa ushirika wako wa nyumbani, au njoo kwangu Jumatano baada ya maombi ya mchana. Mti huu umewekwa kwa ajili yako, kama ule wa Bremen ulivyowekwa kwa ajili ya watoto. Kuchuma si aibu.

Nyumbani kwako, mwenye mti na asiye na mti msihukumiane. Ila nyote wawili, siku ya Krismasi kabla hamjakaa mezani, pitieni mlango wa jirani mmoja mwulize kama kuna kitu kwenye sufuria.

Neno la mwisho. Najua mama yule humpelekea mwanawe nakala ya jarida hili kila wiki, na huenda huwa analisoma akingoja abiria. Kijana wangu, uliuliza swali miaka 11 iliyopita na hukupata jibu la haki. Mti wako haukukosa kitu. Pasta ndiye aliyekosa. Kuna kiti chako hapa, na siku utakayokuja sitakuuliza ulikuwa wapi. Nitakuuliza kama umekula.

Sala

Baba, tusamehe kwa majani mengi. Tusamehe kwa kukagua miti ya watu na kusahau sufuria zao. Roho Mtakatifu, tuunganishe na Yesu mpaka tunda litoke ndani, si la kufungwa kwa uzi. Tupe Krismasi ambayo mwenye njaa atakuja karibu nasi na asirudi mtupu. Katika jina la Yesu. Amina.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Soma Yeremia 10:3-5. Ni kitu gani katika maisha yako kimepambwa nje na ndani hakina uhai?

2. Ni nani anayeishi karibu nawe aliyekuja akitafuta tunda akakuta majani? Utafanya nini wiki hii?

3. Kuna mtu uliyemwumiza kwa andiko? Panga siku ya kumtafuta.